Fundi Aliyeacha Kung'ata Uzi

Alizaliwa Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake, na sauti ya kwanza aliyoisikia duniani ilikuwa ya cherehani. Wapo wanaobisha kwamba ilikuwa Jumatano. Bibi yake aliyempokea alisema Jumanne mpaka anaingia kaburini, nasi hatuna sababu ya kumpinga mtu mzima aliyekuwepo. Baba yake alikuwa fundi wa sare za kazi: makoti ya madaktari, magauni ya wauguzi, suruali za walinzi, mashati ya madereva, ovaroli za watu wa mitambo. Babu yake naye alikuwa fundi wa kazi hiyo hiyo, katika duka hilo hilo, tena juu ya kiti hicho hicho chenye mguu mmoja uliofungwa kamba. Mtoto alibatizwa siku ya nane akiwa amevaa kigauni cheupe kilichotokana na mabaki ya koti la daktari. Jina alilopewa siku hiyo lipo katika kitabu cha parokia, lakini mtaani hakuna aliyelitumia hata mara moja. Watu walimwita Fundi, nasi tutamwita hivyo.

Akiwa na miaka sita aliokota pini zilizoanguka. Akiwa na tisa alikalia cherehani ya pili, ingawa miguu ilifika kwenye kikanyagio kwa shida. Baba yake alimfundisha mambo matatu. La kwanza, kila mshono uachiwe ndani nafasi ya vidole vitatu, kwa kuwa mtu hunenepa, na nguo isiyo na nafasi humgeuka mwenyewe. La pili, nguo ya fundi mwingine ukitaka kuijua, igeuze uiangalie ndani, maana nje kila mtu hujitahidi. La tatu, uzi ukatwe kwa meno. "Mkasi utausahau nyumbani," baba yake alimwambia, "meno huendi popote bila hayo." Mtoto akayashika yote matatu, na hilo la tatu, kama tutakavyoona, likaja kumtokea puani.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja mama yake aliugua, akalazwa hospitalini, kitanda cha nne kutoka mlangoni, kando ya dirisha. Alilala hapo siku kumi na tisa. Palikuwa na muuguzi mmoja mwanamume, mfupi, mwenye viatu vilivyolia kila alipokanyaga, na huyo ndiye aliyemgeuza mama asipate vidonda, akamlowanisha midomo kwa pamba, na kila alipomgusa alimwambia kwanza atakachofanya, hata baada ya mama kuacha kuitika. Siku mama alipofariki, yule muuguzi alimfunika, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Sasa nakufunika, mama." Mtoto alisikia. Waliomjua wanakubaliana kwamba Mungu alimwita pale, kwa sentensi ile, na kwamba mtoto alielewa kabisa ameitwa. Jioni ile ile alimwambia baba yake, "Nataka kuwa kama yule." Baba, ambaye siku hiyo alikuwa amempoteza mkewe, alimtazama muda mrefu. "Cherehani ni mbili," alisema, "na mimi nina miguu miwili tu. Ukienda wewe, ile nyingine ataikanyaga nani?" Mtoto akabaki.

Alibaki miaka ishirini na saba. Wasimulizi wengine hupenda kuuruka muda huo, kana kwamba mtakatifu alikuwa amelala, lakini huo ni uvivu wa wasimulizi. Alishona, alisali, alioa akiwa na miaka ishirini na minne mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo laini, akapata mabinti wawili. Wala hakuwa mtu wa huzuni, alikuwa mcheshi kupita kiasi dukani. Ila mke wake alisimulia kwamba kila aliposhona gauni la muuguzi alikawia nalo siku mbili zaidi, na likiisha alilitundika ukutani, akalitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake aliye safarini.

Ilikuwa katika mwaka wake wa thelathini na nane, mwezi wa kumi, ndipo alipokuja dukani kijana mwenye shingo ndefu kupimwa sare ya ulinzi. Fundi alikuwa na jicho lake katika mambo hayo. Aliyefurahia kazi yake mpya aliuliza mifuko itakaa wapi; asiyefurahia alibana pumzi futi ilipozunguka kifua. Yule wa shingo ndefu alibana pumzi mara tatu.

"Pumua, kaka," Fundi alimwambia. "Nikikupima hivi, sare itakubana mwaka mzima."

"Inanibana hata sasa," kijana alijibu, "na hujaishona bado." Akaeleza kwamba alichokitaka tangu utoto ni ufundi wa mabomba ya maji, lakini nyumbani wanataka kula, na ulinzi ndio uliopatikana.

Fundi aliweka futi shingoni. Alimwambia achukue ulinzi, ale, asione haya; lakini siku zake za mapumziko amfuate fundi bomba mmoja, ambebee vifaa, na aombe kwa makusudi siku ya choo kilichoziba. "Usiende siku ya kufunga bomba jipya linalong'aa. Hiyo ni nje ya nguo. Nenda siku ya uchafu. Ukirudi nyumbani unanuka, na bado unataka kurudi kesho, basi kazi ni yako, na nafasi ya kuingia itapatikana." Kijana aliondoka shingo ikiwa imenyooka. Mke wa Fundi, aliyekuwa nyuma ya pazia akitia vifungo, alisema bila kuinua kichwa, "Maneno mazuri hayo, mume wangu. Na wewe atakupima nani?" Sindano ilimchoma kidole. Alikaa kimya hadi chakula cha jioni, na katika nyumba ile hilo lilikuwa jambo la kuogopesha.

Alhamisi iliyofuata alikwenda hospitalini, akamwomba Matroni kazi ya kutia viraka mashuka yaliyochanika, bila malipo, kila Alhamisi. Matroni, mwanamke mrefu asiyependa wageni katika wodi zake, alimuuliza anataka nini badala yake. Fundi alijibu kwamba akimaliza mashuka apewe kazi ambayo siku hiyo hakuna anayeitaka. Katika miaka yake yote ya utumishi Matroni hakuwahi kupokea ombi la namna hiyo, na alihakikisha linatimizwa kikamilifu. Kwa Alhamisi za miaka mitatu Fundi aliosha mabeseni ya choo ya wagonjwa, alipangusa matapishi, alikaa na wazee waliotukana kila aliyewasogelea. Siku ya kwanza alirudi nyumbani mgongo umekataa. Mke wake alimuuliza, "Haya, umeona ndani ya nguo?" Akasema, "Nimeona. Nataka kurudi kesho, na kesho ni Ijumaa."

Hakukurupuka. Hili ningependa lizingatiwe na wale wanaopenda kufunga virago kwa hasira. Kwanza alimfundisha mke wake kukanyaga cherehani mpaka mguu wake ukazoea. Wateja wa sare za wanafunzi aliwaacha dukani ili nyumba iendelee kula. Na masomo ya sekondari aliyoyakatiza utotoni aliyarudia mezani pamoja na binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na mitano, ambaye alimfundisha hesabu bila huruma. "Baba, hii umeikosea tena." "Nielekeze tena, mwalimu." Alifaulu akiwa na miaka arobaini na miwili. Mwaka uliofuata alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, akawa mwanafunzi mzee kuliko walimu wawili, na wasichana wa darasani wakamwita Babu. Baba yake mdogo alimsimamisha barabarani kumuuliza ikoje mwanamume mzima kwenda kutandika vitanda. "Baba mdogo," Fundi alijibu, "siku utakayolala pale, chako nitakitandika vizuri zaidi."

Lakini baba yake mzazi hakuwa wa kuchekeshwa. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, macho yameanza kuingia ukungu, na katika mwanawe aliona duka, kiti, na jina la babu. Fundi alipomwendea kumwomba baraka, mzee aliendelea kushona hadi mwisho wa mshono, akang'ata uzi, ndipo akasema, "Siku utakayovaa sare ya watu uliopaswa kuwashonea, usinisalimie. Sitaitikia." Na alikuwa mtu wa kushika neno. Fundi alivaa sare ya chuo Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili, akapita dukani akasema, "Shikamoo, baba," na cherehani ikaendelea kulia. Kuanzia hapo alipita kila asubuhi. Kila asubuhi alisalimia, akasubiri kidogo, akaenda zake. Watu wanaopima utakatifu kwa kufunga na kulala sakafuni wangefaa kujaribu hili kwa wiki moja tu. Alituambia baadaye kwamba angeweza kuvumilia kushindwa uuguzi, na angeweza kuvumilia kuwa fundi hadi kufa, lakini kufa baba yake bila kuitikia asingeweza kuvumilia.

Jaribu kubwa lilikuja akiwa na miaka arobaini na sita, siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo. Alipewa mgonjwa aliyejikata mkono kwa kisu cha jikoni, asafishe jeraha na kulishona mbele ya Matroni na wasahihishaji wawili. Alinawa vizuri. Alimwambia mgonjwa kila atakachofanya kabla ya kufanya. Alishona mishono saba iliyowafanya wasahihishaji wasogee kuangalia, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kuona mshono wa namna ile juu ya ngozi. Akafunga fundo la mwisho, akainama juu ya mkono wa mgonjwa, akaung'ata uzi.

Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeuliza kama hivyo ndivyo inavyofanywa siku hizi. Fundi alikuwa bado ameinama, kipande cha uzi mdomoni, na uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyetambua kwamba amepanda gari lisilo lake. Matroni alisafisha jeraha upya mara tatu kwa mikono yake. Kisha akamwambia, "Kidonda hiki kilikuwa safi mpaka ulipokiinamia. Nenda nyumbani. Ukiitoa cherehani mdomoni, rudi mwakani."

Habari ilifika mtaani kabla yake. Alivua sare, akarudi dukani, na huko akakuta jambo lililomkata maini kuliko kicheko cha watu: cherehani ya pili, aliyokuwa akiikalia mke wake, ilikuwa imeondolewa kazi zote na kutiwa mafuta. Mzee alimtuma mjukuu wake mdogo, ingawa wote walikuwa chumba kimoja. "Mwambie baba yako cherehani iko tayari. Mwambie sare ile akiivua moja kwa moja, mimi sina kinyongo." Fundi alijua maana yake. Salamu ilikuwa pale, mkononi, kwa bei ya kuacha tu. Alikaa kwenye ile cherehani, akaweka miguu kwenye kikanyagio, na tunaambiwa alilia waziwazi, kwa maana alimpenda baba yake na alikuwa amechoka. Kisha akakata kipande cha kitambaa, akajifunga mdomoni, akaanza kushona.

Alishona hivyo mwaka mzima. Kila uzi ulipofika mwisho, kichwa kiliinama chenyewe, meno yakagonga kitambaa, na mkono ukakumbuka mkasi. Wateja walidhani jino linamuuma; Padri alimletea dawa ya fizi; baba mdogo alieneza kwamba ameng'olewa meno ya mbele. Mwezi wa kwanza mke wake alihesabu, kitambaa kiligongwa mara thelathini na sita kwa siku. Mwezi wa sita, mara nne. Siku ya sikukuu ya parokia, mwezi wa tisa, kichwa hakikuinama hata mara moja, na aliendelea kukifunga miezi mitatu zaidi kwa kuwa hakujiamini. Kila asubuhi ya mwaka ule alisema, "Shikamoo, baba," akiwa nyuma ya kitambaa. Mjukuu aliapa kwamba asubuhi moja midomo ya mzee ilitikisika. Lakini hapakutoka kitu, na mwaka ulipoisha Fundi alivaa sare tena, akarudi kwa Matroni, akashona mishono tisa kwenye goti la dereva, akanyoosha mkono akachukua mkasi. Matroni alitia sahihi, akatoka, na wanasema alisikika akicheka peke yake kwenye stoo ya mashuka.

Miaka miwili baada ya hapo, mwezi wa tano, mzee aliteleza kwenye kizingiti cha duka akapasuka juu ya paji la uso. Macho yalikuwa yameshafunga kabisa. Alipoletwa wodini aliyekuwa zamu alikuwa mwanawe. Fundi alimpa ishara Matroni anyamaze, naye mwenyewe hakusema kitu, asije akamlazimisha mzee kuvunja neno lake akiwa katika maumivu. Mara hiyo moja katika maisha yake ya kazi alimshona mtu bila kumwambia kwanza atakachofanya, na kila alipopitisha sindano midomo yake ilisema bila sauti. Alipomaliza, mzee aliinua mkono. Kabla hawajamzuia alipitisha ncha za vidole pembeni mwa mshono, taratibu, kama alivyopima kazi za watu kwa miaka sitini.

"Nani kashona hapa?"

"Muuguzi," Matroni alijibu.

"Huyu ni fundi. Kaficha fundo." Akatafakari. "Uzi kaukata na nini?"

"Na mkasi, mzee. Hapa tunakata kwa mkasi."

Mimi niliyeandika haya nilisimuliwa na Matroni mwenyewe, naye si mtu wa kutia chumvi. Alisema mzee aligeuza uso kuelekea mahali ambapo mwanawe alisimama, ingawa hakuona, na machozi yakamtoka kwenye yale macho ya ukungu.

"Kung'ata nilimfundisha mimi," alisema. "Alikuwa na miaka tisa. Ikiwa ameweza kuacha hata hilo, basi aliitwa kweli." Kisha kwa sauti nyingine: "Mbona leo hunisalimii?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee alisema. "Marahaba, mwanangu." Akaendelea kuitikia, moja baada ya nyingine, nyingi kuliko alizosalimiwa, mpaka Matroni akalazimika kumwambia apumzike kwa sababu ya mishono.

Tangu hapo watu walianza kumfuata Fundi. Palikuwa na benchi nje ya wodi, chini ya dirisha la kitanda cha nne, na kila Alhamisi baada ya zamu alikaa pale. Walikuja wasichana waliomaliza shule wasijue washike lipi, walimu waliochoka, mafundi waliopoteza kazi, na mwanamume mmoja aliyetaka kuwa mwimbaji, ambaye Fundi alimsikiliza akiimba na kumwomba kwa upole aendelee na useremala. Hakumwambia mtu yeyote aache kazi siku ile. Aliwauliza upande wa ndani wa kazi wanayoitaka wameuona lini, na wengi hawakuwa wameuona. Aliwauliza mkono wao umeshazoea nini ambacho kinaweza kuwafungulia mlango, kama mashuka yalivyomfungulia yeye. Aliwaambia waache vidole vitatu, yaani nyumba isikose kula wakati wao wanajifunza. Na mwisho aliwauliza kazi ya zamani imewaachia tabia gani ambayo huko waendako itamdhuru mtu. Hilo la mwisho liliwatia watu kiwewe kuliko yote. Wengine walirudi makazini mwao kwa amani, wakagundua kwamba walichokihitaji ni mapumziko. Na hao pia aliwapongeza.

Alifariki akiwa na miaka sabini na mitatu, siku ya Jumanne, kwa ugonjwa wa moyo uliomvimbisha mwili mzima. Alilazwa kitanda cha nne. Aliyemuuguza alikuwa kijana wa kiume mwenye mwaka mmoja kazini, na alipomfunika alimwambia kwanza. Siku ya mazishi yule wa shingo ndefu, sasa fundi bomba mwenye mvi na vijana sita chini yake, ndiye aliyebeba msalaba. Yapo maajabu yanayosimuliwa. Dereva mmoja wa lori alilala usingizi kwenye lile benchi, akaamka anajua la kufanya na maisha yake; mimi naona usingizi wenyewe ungetosha, lakini yeye anaapa alisikia mtu akimwambia, "Pumua, kaka." Kanisa halijatamka neno, na mwandishi huyu hatalitangulia. Kwetu sisi inatosha kumwiga: kusikia tunapoitwa, hata kama ni mapema mno, kusubiri bila kusahau, kwenda siku ya uchafu, na kuwasalimu wanaotukasirikia hadi asubuhi watakayoitikia.

Limebaki moja, nami nililiona kwa macho yangu. Mke wake, aliyekuwa amekalia cherehani ya pili karibu miaka thelathini, alikataa mtu mwingine amvalishe marehemu. Sare nyeupe haikumwenea kwa sababu ya uvimbe. Aliigeuza ndani, akakuta vidole vitatu ambavyo mumewe mwenyewe aliviacha alipoishona, akaifumua, akaipanua, ikamkaa sawasawa. Alimvalisha, kisha akashona mshono wa mwisho kwa mkono, hapo hapo kifuani mwake, polepole. Alipofunga fundo aliinama kama mafundi wote wainamavyo, uzi ukafika kwenye meno. Akasita hapo. Akainua kichwa, akatutazama sote tuliokuwa chumbani, akasema, "Nipeni mkasi."